Ulimi wa Asumini

Somoe alitafuna kipande cha muhogo mbichi, asihisi kitu. Mama yake alikuwa akionja hivyo kabla ya kuinjika sufuria, maana muhogo mchungu una sumu. Lakini tangu utoto wa Somoe, kila mtoto anayeanza shule huchomwa sindano ya kuzima jeni za uchungu ulimini, ili ameze dawa na mboga bila ubishi. Jeni zenyewe zimo kwenye seli, ila zimenyamazishwa.

Asumini, binti yake, alichomwa asubuhi ile. Nesi alisema dawa ingeshika kesho.

"Njoo unionjee, mwanangu."

Asumini alitafuna, akatema. "Mchungu, mama."

Somoe akaumwaga wote jalalani. Baadaye jirani yao, Bi Nuru, naye asiyehisi uchungu, akaja na ungo wake wa muhogo aonjewe kama kawaida. Asumini akaonja, akameza.

"Mtamu, bibi."

Bi Nuru alishukuru, akaenda kupika. Somoe alibaki amesimama, roho haijatulia. Mwishowe akaenda jalalani, akaokota kipande cha muhogo wake, akakiosha.

"Hebu onja tena huu."

Asumini alitafuna taratibu.

"Mtamu."

Ng'ambo ya ua, moshi wa Bi Nuru ulikuwa umeshaanza kupanda.