Mnunuzi wa Kivuli

Somoe alisuka ukili wa mkeka kiasi cha shubiri huku akisimulia, kisha akauweka mapajani mwa mama yake. Nyumbani kwao hadithi zilitungwa hivyo: anayepokea ukili lazima aiendeleze.

"Basi yule mwanamke akafika sokoni kuuza kivuli chake. Haya mama, nani kakinunua?"

 Tangu apigwe na kiharusi, mama hakuwa ametamka neno.

"Si umalizie mwenyewe!" shangazi Rehani alifoka kutoka jikoni. "Unamchosha mgonjwa."

"Mimi sijui kumaliza, shangazi. Anayemaliza ni yeye." Somoe akainama. "Hata jina tu, mama. Nipe jina la mnunuzi."

Mkono wa mama ambao haukupooza ukasogea. Vidole vikaishika ncha ya ukili, vikaanza kuufumua, jani baada ya jani.

Somoe alitaka kumzuia, akashindwa. Akaanza kuisimulia hadithi kinyumenyume, akimrudisha yule mwanamke alikotoka: akamtoa sokoni, akamvusha daraja, akamfikisha mlangoni kwake, kivuli kikimfuata. Majani yalizidi kuanguka sakafuni, na vidole bado vilikuwa vikifumua.