Programu ya Kijasusi

Zoezi la wiki hiyo katika shahada yake ya uzamili ya usalama wa mtandao lilikuwa jepesi: kila mwanafunzi aikague kompyuta yake mwenyewe, aone kama kuna mtu aliyepandikiza programu ya kijasusi.

Kwenye yake, ilikuwepo.

Kumbe ndiyo sababu kazi zake zilikuwa zikifutika siku ya kuzikabidhi, hadi mhadhiri akatishia kumwondoa kwenye kozi. Akamfikiria wifi yake, aliyehamia kwao na vijembe vyake: "Mke gani huyu, kutwa kukumbatia kompyuta, mume anajipakulia chakula!"

"Leo atanitambua," alisema moyoni, akaanza kufuatilia ni wapi programu ile ilikuwa ikipeleka kila alichoandika, hata nywila zake.

Ilikuwa ikipeleka kwenye simu ya mumewe.

Mume huyohuyo ndiye aliyemfariji kila kazi ilipopotea. "Achana nayo, mke wangu. Unajitesa bure."

Sasa alikuwa sebuleni, akicheka na dada yake, wifi yule wa vijembe.

Angeweza kuifuta programu ile papo hapo. Hakuifuta. Aliupiga picha ushahidi wote, akamtumia mhadhiri, kisha akafungua ukurasa mtupu na kuandika polepole, akijua kila herufi inasomwa:

"Cheka vizuri, mume wangu. Nakuona."

Kicheko kikakatika. Kiti kikasukumwa kwa kishindo.

Mke akainuka, akamfungulia mumewe mlango wa chumba kabla hajaugusa.