Mhanga na Sinia la Kisimani

Enzi wanyama walipojichimbia visima, msimamizi wao Nyati alihubiri kila asubuhi, "Hapa sisi ni familia moja!" Lakini sinia la ugali likiletwa, Mhanga, mchimbaji mwenye kucha kali kuliko wote, aliambiwa, "Una matope, bwana. Subiri makombo."

Mhanga alimeza hasira siku tisa. Siku ya kumi wakakuta mwamba chini kisimani, na koo zimewakauka kwa kiu.

"Ndugu yetu Mhanga, shuka utuokoe!" Nyati akalia.

Mhanga hakushuka. Alijipenyeza na matope yake hadi kwenye sinia, akamega tonge la kwanza.

"Leo ndiyo mmejua mimi ni ndugu? Basi sogeeni, nile nishibe. Mkiona nachelewa, mwamba ule pale, familia nzima ishuke!"