Kahawa ya Mgeni

Siku hizi kila anayekwenda kufanya kazi ng'ambo huacha nyumbani pacha wa mashine, mwenye sura na sauti yake, ili wazazi wasibaki wapweke. Kokushubira alirudi Bukoba baada ya miaka sita, bila kutoa taarifa. Mama yake alimkumbatia, akalia, kisha akaita, "Koku, mletee mgeni kahawa!"

Pacha akatoka jikoni na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho nyumbani kwao hutolewa kwa wageni tu.

"Mama! Koku si ndiye mimi?" aliuliza Kokushubira.

"Najua, mwanangu," alijibu mama, akijisogeza ili pacha akae ubavuni pake. "Tafuna basi. Unaondoka lini?"