Usiondoke Nao

Siku ya tano ya misheni, kipindupindu kilipozidi kuenea mjini, Mchungaji Elikana aliamuru vitabu vya nyimbo vipakiwe garini.

"Tunaondoka. Bwana atawatunza watu wake," alisema.

Perusi, muuguzi wa msafara, alikuwa amepiga magoti katika darasa lililogeuzwa wodi, akimnywesha Bi Nyamizi maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Tangu wagonjwa wawili wamfie mikononi, hakuwa amesali hata neno moja. Sasa hasira ilimpanda.

"Atawatunza kwa mikono ya nani, Mchungaji? Jana ulihubiri Msamaria Mwema, leo unapita kando!"

Mchungaji akatazama saa yake, akatoka. Gari likanguruma, likaenda zake.

"Na wewe Mungu," Perusi akafoka huku machozi yakimtiririka, "usithubutu kuondoka nao! Kaa hapa hapa unisaidie!"

Akashtuka. Kumbe alikuwa anasali.

"Amina, mwanangu," Bi Nyamizi akanong'ona, akafumbua kinywa apewe tena.

Mlangoni walisimama wanaume wawili na mgonjwa kwenye machela, wakingoja kuambiwa wamlaze wapi.