Kanisa la Hazel

"Wewe tujengee tu, bibie. Vita tuachie wanaume," mwenyekiti wa klabu ya michezo ya vita vya mezani, pale Nottingham, Uingereza, alimjibu Hazel alipoomba kucheza. Meza nzima ikaangua kicheko.

Majira yote ya baridi Hazel alikuwa amewajengea mji wa kadibodi wanajeshi wao wa kuchezea, kuta akazipaka masizi kwa brashi nyembamba kama kope. Rangi ya matofali ilikuwa bado imemganda kwenye kucha.

Hasira zikampanda. Akalishika kanisa la kadibodi alilolijenga katikati ya mji huo kwa mikono miwili, akaling'oa mezani.

Mwenyekiti akaruka. "We mama! Jenerali wangu yuko mnarani! Nimempaka rangi mwaka mzima!"

Hazel akamkazia macho, akaliinamisha kanisa polepole. Jenerali akaanza kuteleza.