Komeo la Nje

Mpagazi alipokuwa akipitisha godoro mlangoni, mshonaji aliona kwamba chumba chake kipya kilikuwa na komeo upande wa nje.

Alilishika. Skrubu zake ziling'aa, na unga wa mbao ulikuwa bado sakafuni. Alichungulia upande wa ndani wa mlango. Huko hata kitasa kilikuwa kimeng'olewa, kikabaki kitundu.

Mwanawe wa pekee ndiye aliyemtafutia nyumba hii ndogo. "Mama, lile jumba limekuzidi," alikuwa akimwambia tangu baba yake alipofariki. "Kule utapumzika." Naye alikubali, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alimwamini kuliko macho yake.

"Hili la nini, mwanangu?" alimwuliza mwanawe aliyekuwa kando yake.

"Fundi huyo, mama. Alikosea upande."

"Kumbe," alisema taratibu. Jasho lilikuwa limeanza kulowesha ukosi wa shati la mwanawe, shati ambalo mama alimshonea. "Basi ingia ujilaze, tuone kama godoro linaenea."

Mwanawe alicheka kidogo. "Mimi mrefu, mama. Sifai kuwa kipimo chako."

"Ingia tu. Mimi nitasimama hapa hapa."

Mwanawe alilitazama komeo, kisha mkono wa mama yake uliolishika. Hakuinua mguu.

Mshonaji akamgeukia mpagazi. "Baba, rudisha godoro garini. Na cherehani yangu usiishushe."